Shangani na Majina Matatu ya Mpaka Mmoja

Mtwara haikukua pole pole kama Mikindani, jirani yake mwenye umri wa karne nyingi. Ulikuwa mji wa kupimwa kwanza na kujengwa baadaye. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya Uingereza ilikusudia kulima karanga katika ekari 3,210,000 za Afrika ya Mashariki na Kati, sehemu kubwa ikiwa Jimbo la Kusini la Tanganyika. Mazao ya Nachingwea, katika jimbo hilo, yalihitaji reli na bandari yenye kina, na ghuba ya Mtwara ilikuwa na kina hicho. Bandari ilipofunguliwa mwaka 1954, mpango wenyewe ulikuwa umeshaachwa tangu 1951, baada ya kuteketeza takriban pauni milioni 36; reli nayo ilifungwa mwaka 1962. Karanga zilishindwa, lakini mgawanyo wa makazi ulibaki na unasomeka hadi leo. Kaskazini-magharibi, ufukweni, ipo Shangani yenye viwanja vikubwa na miti. Katikati yapo maduka na benki. Kusini-mashariki, karibu na soko, zipo Majengo na Chikongola, ambako nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta.

Ramani ya namna hiyo haikuanzia Mtwara, na nyuma yake kuna historia ya kuchagua maneno. Kiingereza cha ofisi za kikoloni kilikuwa na maneno yanayokaribiana kwa jambo moja, yaani kuwapanga watu mjini kwa rangi zao. La wazi kuliko yote lilikuwa "segregation", kutenga. Profesa William Simpson, mtaalamu wa afya aliyetumwa Afrika Mashariki mwaka 1913, alilitetea bila kificho: Wazungu, Wahindi na Waafrika wakae mbalimbali kwa ajili ya kuzuia magonjwa. Neno hilo halikudumu. Wahindi wa Kenya walilipinga kwa nguvu, na tamko la serikali ya Uingereza la Julai 1923, lijulikanalo kwa jina la Devonshire, liliachana na sera ya kuwatenga Wazungu na Wahindi katika makazi ya mijini, ingawa nyanda za juu zilibaki mikononi mwa Wazungu. Tanganyika ilikuwa na kizuizi chake. Mamlaka ambayo Uingereza ilipewa na Shirikisho la Mataifa mwaka 1922 ilidai kwamba raia wa nchi wanachama wapate haki sawa na za raia wa Uingereza, na India ilikuwa mwanachama. Sheria ya kumzuia Mhindi kwa kumtaja ingekuwa ngumu kuitetea mbele ya Shirikisho hilo.

Hapo neno la pili likafaa zaidi: "zoning", kugawa kanda. Wajerumani walishaonyesha njia, maana kanuni zao za ujenzi za Dar es Salaam za mwaka 1891 ziliugawa mji kwa aina ya jengo. Waingereza wakaendelea hivyo hivyo: kanda ya kwanza ya nyumba za mtindo wa Kizungu, ya pili ya biashara na makazi, ya tatu ya nyumba za udongo na makuti. Tofauti ya maneno haya mawili ni ndogo kwa mtu anayetazama matokeo, kwa kuwa mipaka ilipita karibu palepale. Kwa anayetazama maana ni kubwa. Kutenga kuna mtenda na mtendwa, na msikilizaji atauliza nani kamtenga nani. Kugawa kanda ni kazi ya mpima ardhi na rula yake. Kanuni ilitaja kuta na paa, ikaiachia bei ya saruji na bati kazi ya kuchagua watu.

Mtwara ilichorwa wakati neno la tatu lilipokuwa linashika nafasi: "density", msongamano. Mwaka 1946 Tanganyika iliwekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, ambao Mkataba wake unataja haki za binadamu bila ubaguzi wa rangi, jinsia, lugha au dini, na mwaka 1948 wajumbe wa Baraza la Udhamini walianza kuizuru nchi na kupokea malalamiko. Mpango mkuu wa Dar es Salaam wa mwaka 1949, ulioandaliwa na kampuni ya Sir Alexander Gibb, uliyapanga makazi kwa msongamano: mdogo, wa kati na mkubwa. Shangani ni mfano wa huo mdogo. Nyumba ya ofisa imekaa katikati ya kiwanja, ina baraza inayopokea upepo wa bahari, na nyuma yake vyumba vya watumishi. Upande wa pili wa mji ipo nyumba ya Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, ua nyuma, na kila chumba huenda kina familia yake. Ukipima kwa idadi ya watu kwa ekari, tofauti ni ya kweli. Hata hivyo, katika mtaa wa namna ya Shangani wapishi na mayaya wa Kiafrika walilala usiku kucha bila mtaa kuitwa wao, na hilo linatosha kuonyesha kwamba kipimo cha ekari kilikuwa kinapima pia kitu kingine.

Mtaalamu wa mipango miji anaweza kupinga hapa kwamba msongamano ni istilahi halali ya fani, inayotumika hata katika miji ambayo haikuwahi kutawaliwa na wageni. Bomba la maji, mtaro na barabara haviwezi kupangwa bila kujua watu wangapi watakaa wapi. Hoja hiyo ni sahihi, na ndiyo inayolipa neno nguvu yake. Neno la uongo mtupu hugunduliwa mapema. Neno lenye ukweli nusu hukaa sheria baada ya sheria. Swali la haki ni kwa nini kipimo hicho, kilipotua Mtwara, kiliwapa wachache pwani na upepo, kikawapa wengi eneo la nyuma ya soko. Idadi ya watu peke yake haijibu swali hilo.

Pingamizi la pili linatoka upande mwingine: kama mpaka ulikuwa uleule, kubishana juu ya majina ni kupoteza wakati. Historia ya Shangani inakataa hilo. Sheria hutekelezwa kwa maneno yaliyoandikwa, na lililoachwa bila kuandikwa lina uzito wake. Ubaguzi wa Afrika Kusini uliandika rangi ndani ya Sheria ya Maeneo ya Makundi ya mwaka 1950, na ilibidi sheria yenyewe ifutwe, mwaka 1991, ili mtu mweusi akae kihalali katika mtaa uliotengewa weupe. Baada ya uhuru wa Desemba 1961 ofisa Mwafrika aliyepewa nyumba ya serikali katika mtaa kama Shangani hakuhitaji sheria yoyote ya makazi ifutwe, kwa kuwa msongamano mdogo haukusema rangi ya mpangaji. Neno lililoteuliwa kuficha ubaguzi liliacha pia mlango ambao neno la kwanza lingeufunga. Lakini mlango huo ulipitisha wenye vyeo na baadaye wenye fedha. Sheria ya mipango miji ya mwaka 1956 iliendelea kutumika hadi ilipochukuliwa nafasi na ile ya 2007, na viwanja bado vinagawanywa kwa msongamano, ambao sasa huitwa ujazo: mdogo, wa kati na mkubwa.

Wenyeji wa miji yetu hawakuyangoja majina ya ofisi. Walisema Uzunguni, Uhindini, Uswahilini, na kwa kusema hivyo walitunza ushahidi ambao ramani rasmi iliuacha nje. Inasemwa kwamba majina hayo yenyewe ni ya kibaguzi na heri yasahaulike. Ni kweli kwamba yamebadilika: leo uswahilini ni mtaa wa watu wengi na huduma chache, hata kama wakazi wote ni wa kabila moja na wenye nyumba, na uzunguni hukaa Mtanzania mwenye uwezo. Badiliko hilo ni taarifa ya thamani. Linaeleza, kwa usahihi kuliko neno ujazo, kwamba mpaka wa rangi umerithiwa na mpaka wa kipato.

Kwa hiyo anayechagua kati ya maneno mawili yanayokaribiana, awe mpangaji wa mji, mtafsiri wa sheria au mwandishi wa habari, asiishie kuuliza lipi lina adabu zaidi. Aulize kila moja linamtaja nani, linamficha nani, na litamruhusu hakimu au ofisa ardhi kufanya nini miaka 50 ijayo. Swali hili lina uzito Mtwara, ambako gesi ya Mnazi Bay na saruji vimepandisha mahitaji ya ardhi na viwanja vipya vinaendelea kupimwa. Ramani ya mradi inapoletwa mbele ya wananchi ikiwa na rangi tatu za ujazo, wana haki ya kuelezwa kwa Kiswahili cha wazi: kiwanja kitauzwa bei gani, barabara na maji vitaanzia upande upi, na nani ataweza kujenga ufukweni. Maafisa wakijibu hayo, wanaweza kutumia neno lolote walitakalo kwenye ramani; wasipojibu, neno lililochaguliwa litakuwa limewajibia, kama lilivyofanya mwaka 1949.