Meli ya Jasiri: uzi mfupi kabla hatujabishana tena

1/ Kila tukiongea usalama wa bahari, mmoja anasema "tununue meli mpya", mwingine anajibu "mtaiba tu". Kabla hujachagua upande, kumbuka KNS Jasiri.

2/ Jeshi letu la majini lilianza Desemba 1964. Mwaka 1966 likapata boti za doria kutoka Uingereza: Simba, Chui na Ndovu. Zilikuwa ndogo, lakini kazi yao ilijulikana: kulinda pwani.

3/ 2003 tukaagiza meli kubwa kutoka Uhispania, zaidi ya shilingi bilioni 4. Kandarasi ikawekwa siri, eti usalama wa taifa. Baadaye ikatajwa kwenye sakata ya Anglo Leasing, malipo yakasimama.

4/ Meli ilikuwa ishaundwa. Ikakaa huko miaka na miaka, ikafika Mombasa 2012. Na hiyo ndiyo miaka maharamia wa Somalia walikuwa wakiteka meli zinazokuja bandari yetu!

5/ Kwa hivyo pande zote mbili zilikuwa na hoja. Meli tuliihitaji kweli. Siri ndiyo ilituponza.

6/ Silaha za meli na ratiba ya doria, sawa, zifichwe. Lakini bei, muuzaji na aliyeidhinisha? Hizo si siri za vita, ni pesa za mlipa ushuru.

7/ Ukisikia "meli mpya" tena, uliza: ni ya kazi gani? Anauza nani? Spea na mafuta atalipia nani?