Treni ya waya yenye vipimo: jinsi ya kujenga modeli wiki kwa wiki

Msikilizaji, ukipita kwenye nyua za nyumba kuanzia Ngaramtoni hadi Usa River, haitachukua muda kuliona gari la waya: bodi ya waya, matairi ya ndala zilizokatika, na usukani mrefu wa kuliendesha ukiwa umesimama. Wanaoyatengeneza ni watoto wa shule ya msingi. Wakifika kidato cha kwanza wengi huacha, kwa sababu wenzao wanawacheka au nyumbani wanaambiwa hayo ni mambo ya kitoto.

Kwingine duniani kazi hiyohiyo inafanywa na watu wazima, hata wastaafu. Wanajenga magari na treni ndogo kwa miezi mingi, na kila wiki wanaonyeshana wamefikia wapi. Ujerumani, kampuni ya Märklin ilianza kuuza seti za reli ndogo mwaka 1891. Wao wananunua vipande dukani. Sisi hatuna duka hilo, lakini tunayo waya, makopo na mikono, na mimi naona anayeanza na waya mtupu anajifunza zaidi.

Gari la kuchezea linatofautiana na modeli kwa jambo moja: skeli, ileile ya ramani darasani. Kwenye modeli kila kipande kimepunguzwa kwa kiasi kimoja. Skeli ya 1:20 maana yake sentimita 1 kwenye modeli ni sentimita 20 kwenye gari halisi. Nashauri uanze na hiyo kwa sababu hesabu yake ni nyepesi: gari la mita 6 linakuwa sentimita 30. Tairi la Land Cruiser la watalii lenye kimo cha sentimita 80 linakuwa sentimita 4. Kisoda, chenye upana wa kama sentimita 3, kinatosha tairi la Noah ila kwa lori ni kidogo mno. Ndiyo maana malori mengi ya waya yanaonekana kama yamekaa chini. Fundi hakukosea kukunja waya, alikosa kupima tu.

Kwenye treni, kipimo cha kwanza ni upana kati ya reli mbili. Tanzania tuna reli za aina tatu. Reli ya Tanga, Moshi na Arusha ni ya mita moja, sawa na reli ya kati ya zamani. TAZARA ni milimita 1,067, na SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, ni milimita 1,435. Kwa skeli ya 1:20 hizo zinakuwa milimita 50, 53 na 72. Kwa hiyo modeli ya treni ya Arusha inapita juu ya njia ya sentimita 5 kamili.

Hesabu hiyo ina faida nyingine: huna sababu ya kwenda relini na rula. Treni ya abiria ilirudi Arusha mwaka 2020 baada ya kimya cha takriban miaka 30, na katika miaka hiyo watu walizoea kuifanya njia ya reli kuwa njia ya miguu. Mtoto aliyeinama kupima, au anayetega msumari ulaliwe na gurudumu apate kisu, yuko mahali pa hatari. Wala usichukue nati au kipande chochote cha chuma kutoka relini, hata kama kimelegea. Ni kosa la jinai, na nati hiyo ndiyo imeshikilia treni ya watu.

Atakaye modeli kubwa ana mfano mzuri wa karibu. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilikuwa na injini 34 za mvuke aina ya Garratt, daraja la 59, zilizotengenezwa Manchester, Uingereza, katikati ya miaka ya 1950 na kutumika kati ya Mombasa na Nairobi. Zilipewa majina ya milima, na moja iliitwa Mount Meru. Nyingine, Mount Gelai, yenye jina la mlima wetu wa Longido, imehifadhiwa kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Zilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 250 na urefu wa karibu mita 32. Kwa 1:20 hiyo ni modeli ya mita 1.6, ndefu kuliko meza nyingi za nyumbani!

Usianze na hiyo. Anza na behewa la mizigo: ni boksi juu ya chasi. Nyoosha waya kwanza kwa kufunga ncha moja kwenye nguzo na kuvuta nyingine kwa plaizi. Waya mnene uwe chasi, waya mwembamba wa kufungia nondo uwe wa kukazia viungo. Kuta ni bati la kopo. Kunja kingo zake ndani maana zinakata kama wembe. Tafadhali msichome matairi ili kupata waya. Moshi wake ni sumu, na vipande vya waya vinapatikana panapojengwa nyumba ukiomba.

Magurudumu ndiyo yanayowashinda wengi. Kwenye gari la waya kila tairi huzunguka peke yake. Gurudumu la treni limekazwa kwenye ekseli, yote mawili yanazunguka pamoja, na kila moja lina ukingo upande wa ndani unaolizuia kutoka relini. Pia uso wake umechongwa kwa mteremko mdogo: kwenye kona, gurudumu la nje hukanyaga sehemu pana na la ndani sehemu nyembamba, treni ikapinda bila kuburuta. Kifuniko cha chupa cha plastiki kilichogundishwa kwenye duara pana kidogo la plastiki ngumu kinakupa ukingo huo. Kona za njia yako zisiwe kali. Kona halisi yenye nusu kipenyo cha mita 200 ingekuwa mita 10 uani kwako, hivyo utalazimika kudanganya kidogo, kama wanavyofanya hata Wajerumani.

Ukitaka iende yenyewe, mota ya deki ya DVD iliyokufa na betri mbili za tochi zinatosha. Mota hiyo ina kasi kubwa na nguvu ndogo, kwa hiyo peleka mzunguko kwa mpira kutoka puli ndogo hadi kubwa. Betri ya simu usiifungue kabisa, inaweza kulipuka moto.

Sasa ile ya kila wiki. Chagua siku, tuseme Jumamosi. Piga picha moja kutoka upande uleule, weka kibiriti pembeni ili ukubwa uonekane, na andika mistari mitatu: kilichoongezeka, kilichoshindikana, kinachofuata. Onyesha wenzako hata kama ni chasi tupu, tena hasa ikiwa ni chasi tupu. Chasi iliyopinda ikionekana wiki ya pili unainyoosha kwa dakika tano. Ikionekana wiki ya nane, bati likiwa limeshafungwa, unabomoa kila kitu. Wiki ambayo hukufanya lolote piga picha vilevile. Wenzako watauliza, na kuulizwa huko ndiko kunakokurudisha kazini.

Mzazi, picha kumi na mbili za namna hiyo zitunze. Kijana akienda kuomba kujifunza kwenye gereji zetu za Arusha zinazorefusha Land Cruiser za watalii, fundi atataka kujua kama anaweza kupima na kama anamaliza anachoanza. Cheti cha kidato cha nne hakisemi hayo.

Wa upande wa mlimani, masika yakikaribia pakeni waya mafuta kidogo ya mashine na msiache modeli sakafuni. Unyevu wa Aprili unakula viungo vyembamba kwanza.