Mgongo Wazi: Nani Aliamua Hii Ni Taka?

Sawa, leo hakuna ufuo. Mnaonifuata mnaijua Bofa ya video zangu: mchanga mweupe, minazi, jua likichomoza juu ya bahari. Leo twende nyuma ya jikoni.

Mwaka nilioacha chuo (karo ilikwama, hiyo stori ya siku nyingine) nilipata kibarua cha kuosha vyombo kwenye hoteli moja huku. Siitaji jina, manake shida yenyewe si ya hoteli moja. Bufe ya asubuhi ilifungwa saa nne na nusu. Saa nne na dakika ishirini na tisa, ule mkate ni chakula cha wageni. Saa nne na nusu ikigonga, ni taka. Mkate ni ule ule, haujaguswa. Mananasi yamekatwa vizuri, mayai bado ya moto, samaki wa kukaanga wamejipanga kwenye sahani. Vyote ndani ya pipa moja.

Sheria ilikuwa fupi: ukipatikana unakula au umebeba, usirudi kesho. Mchana lilikuja gari la mwenye nguruwe, likabeba mapipa. Yaani nguruwe waliruhusiwa. Sisi hatukuruhusiwa.

Mimi nilibeba. Nilikuwa na kopo tupu la mayonezi, nalijaza kabla pipa halijachanganyika, nalificha chini ya aproni zinazoenda kufuliwa. Nyumbani tulikula vizuri wiki tatu hivi. Nilijiona mjanja, hata nilipanga kutengeneza video ya kujisifu.

Siku moja nikabeba samaki. Alikuwa amekaa mezani tangu asubuhi, akakaa kwenye kopo mpaka nikatoka kazini jioni, na mnajua joto la huku. Mdogo wangu ndiye aliyekula kingi. Usiku huo tulimpeleka hospitali kwa boda, katikati yangu na mama, kichwa kimelala begani kwangu. Alipona, alhamdulillahi. Lakini kule kwenye benchi mama hakunigombeza. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Ulipokichukua, kilikuwa chakula au kilikuwa taka?"

Nilikosa jibu. Nimelitafuta tangu siku hiyo, na mahali nilipoanza kuliona ni kwenye historia. Msinikimbie, si ile ya kukariri miaka ya mtihani.

Anza na nyumbani. Sisi watu wa Pwani hatukulelewa kutupa. Wali uliobaki usiku ni mwiku, unapashwa asubuhi na chai. Ukoko watoto wanaupigania. Nazi ukishaikuna na kuikamua, machicha wanapewa kuku, kifuu kinawashia moto, makumbi yanasokotwa kamba. Kwa hiyo aibu ya kula kilichobaki hatukuzaliwa nayo. Mwiku wa mama yako hauna aibu yoyote. Aibu inaingia pale kilichobaki kinapokuwa cha mtu mwingine, na wewe unakipata kwa mlango wa nyuma.

Sasa twende Kisumu. Miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, wakati wa ukoloni, samaki aitwaye mbuta aliwekwa ndani ya Ziwa Victoria. Wenzetu Tanzania wanamwita sangara. Alikula samaki wadogo wa asili mpaka aina nyingi zikapotea kabisa. Kufikia miaka ya 1980 mbuta alikuwa amejaa ziwani, na viwanda vikaanza kujengwa. Kazi ya kiwanda ilikuwa kutoa minofu, kuigandisha na kuisafirisha nje, hasa Ulaya.

Piga picha: ukimtoa mbuta minofu, zaidi ya nusu ya uzito wake inabaki. Kichwa, uti wa mgongo, mkia, ngozi, na vipande vya nyama vilivyogandamana na mifupa. Kwa kiwanda hiyo ilikuwa taka. Kwa kina mama wa mitaa kama Obunga ilikuwa kazi. Walinunua mifupa hiyo, wakaikaanga kwenye mafuta mengi, wakaiuza. Watu wakaipa jina ambalo Mkenya yeyote analielewa: mgongo wazi.

Mgongo wazi ulisomesha watoto. Uliweka samaki mezani kwa mtu ambaye samaki mzima alishapita bei yake. Hao kina mama nawaheshimu sana, manake waliona chakula pale ambapo kiwanda kizima kiliona uchafu. Lakini angalia hesabu ilivyokaa. Samaki amevuliwa hapa, na mvuvi wa hapa, kwenye ziwa la hapa. Nyama inapanda ndege, mifupa inabaki. Halafu mtu wa hapa anaambiwa ashukuru kwa mifupa.

Na hata mifupa haikubaki salama. Viwanda vya kusaga chakula cha mifugo viliitaka pia. Miaka ya 1990 mgongo wazi ukawa unagombaniwa na mama wa Obunga upande mmoja, na kuku na nguruwe wa mtu upande wa pili. Niliposoma hapo nikakumbuka lile gari la mapipa.

Kitu kingine ni bondo, kile kibofu cha hewa ndani ya samaki. Zamani kilikuwa cha kutupwa tu. Siku hizi bondo la sangara linakaushwa na kuuzwa China kwa bei inayoshinda minofu yenyewe. Samaki hakubadilika. Kilichobadilika ni nani anataka kununua. Na bei ilipopanda, hakuna aliyeendelea kuliita taka.

Upande wa Mwanza, stori hii ilitoka hadi duniani. Mwaka 2004 Hubert Sauper, mtengenezaji filamu kutoka Austria, alitoa filamu ya Darwin's Nightmare kuhusu biashara ya sangara, na ndani yake kuna mapanki, ndiyo mgongo wazi wa Tanzania. Ilifika hadi kuteuliwa kuwania Oscar. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaani hadharani, kwamba inaichafua nchi, na Mwanza watu wakaandamana kuipinga. Mimi hapo nakwama katikati. Naelewa hasira ya kuonyeshwa kwa wageni kama watu wa kula uchafu. Hakuna anayetaka mama yake awe picha ya kuhurumiwa. Lakini ukikataa picha, bado unabaki na swali: kwa nini minofu ilienda kule na mapanki yakabaki huku?

Msidhani ni mambo ya ziwani pekee. Hapa kwetu, Ghuba ya Ungwana, kutoka Malindi kwenda kaskazini, meli za kukokota nyavu zilikuwa zinafuata kamba. Wavu ukipita chini hauchagui, unazoa kila kitu. Kamba anawekwa, samaki wengi waliozolewa naye wanarudishwa majini wakiwa wamekufa. Wavuvi wa ngalawa na mashua walilalamika miaka na miaka, kwamba kile kinachotupwa ndicho riziki yao. Mwaka 2006 uvuvi huo ukasimamishwa. Mwaka 2010 ukatungiwa mpango wa usimamizi, na 2011 meli zikarudi kwa masharti. Kwenye meli ile ile, baharini kule kule, samaki mmoja ni mali na mwenzake ni taka, na aliyeamua si mtu wa Malindi.

Tena si Afrika tu. Kwenye Biblia, Ruthu aliishi kwa kuokota masazo ya mavuno kwenye shamba la Boazi. Ile haikuwa wizi wala huruma: sheria ya kwao ilimwamuru mwenye shamba awaachie maskini na wageni. Uingereza nayo maskini waliokota masuke yaliyobaki kwa vizazi vingi, wakijua ni haki yao. Halafu mwaka 1788 kesi ya mwanamke wa kijijini, Mary Houghton, ikafika mahakamani, na majaji wakaamua kwamba haki hiyo haipo kwenye sheria. Jana mama anaokota, leo mama anaiba. Masuke ni yale yale.

Na sheria inaweza kugeuka upande wa pili pia. Ufaransa mwaka 2016 ilipiga marufuku maduka makubwa kuharibu chakula ambacho hakijauzwa na bado kinalika. Yanatakiwa kuwa na mkataba na mashirika ya kukigawa. Kinatoka mapema, kikiwa kizima, kwa mlango wa mbele.

Hapo ndipo nilipopata jibu la mama. Kile kitu kilikuwa chakula, mpaka mtu mwenye mamlaka alipoamua ni taka. Baada ya uamuzi huo kikaanza kuoza, manake hakuna aliyekitunza tena. Hakikuwekwa kwenye barafu, hakikufunikwa. Kikafichwa chini ya aproni siku nzima. Kile kilichomuumiza mdogo wangu kilianza saa nne na nusu, nikakimalizia mimi kwa kiburi changu. Sehemu yangu naikubali. Yule samaki sikupaswa kumbeba.

Kwa hiyo ukiniuliza kama ni sawa kuishi kwa vilivyotupwa, nitakwambia sioni dhambi kwa anayeokota. Lakini sitawauzia pia ule wimbo wa "okoa chakula, ishi bure", wa mtu mwenye friji nyumbani na bima ya hospitali. Ukiishi kwa pipa la mtu, unamhitaji aendelee kutupa. Na siku pipa likipata bei, wewe ndiye wa kwanza kufukuzwa. Waulize wakaanga mgongo wazi.

Pia tusijifanye watakatifu. Shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lile lenye makao makuu pale Gigiri, lilitoa ripoti kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ilitoka majumbani. Si hotelini, majumbani. Mwiku tumeanza kuuonea haya, tunaagiza chipsi.

Ombi langu kwa hoteli za huku ni dogo. Saa nne, kabla ya ile nusu saa, toeni kile mnachojua hakitaliwa. Wafanyakazi wapakue kwenye sahani, wakae, wale kama watu. Kinachobaki kipelekwe kwa watoto wa shule iliyo karibu kikiwa bado cha moto. Pipa la nguruwe lipate maganda.

Mdogo wangu saa hii ana miaka kumi na mmoja. Samaki anakula, ila kwanza anamnusa, halafu ananiangalia mimi.