Rungwa: Joto linavyobadili mwendo wa mito

MVUA inayonyesha katika nyanda za Rungwa, kusini mwa Mkoa wa Singida, hugawanyika pande mbili. Inayoangukia magharibi hukusanywa na Mto Rungwa na kuishia katika Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto unaotoka. Ile ya mashariki huchukuliwa na Mto Kizigo hadi Bwawa la Mtera, na kutoka huko, kupitia Ruaha Mkuu na Rufiji, hufika Bahari ya Hindi.

Kwa hiyo mabadiliko ya tabianchi katika eneo hilo hayawahusu wanavijiji na tembo wa Pori la Akiba la Rungwa pekee. Mtera ina mitambo ya megawati 80, na maji yake huendelea hadi Kidatu yenye megawati 204. Mabwawa hayo yalipokauka katika ukame wa 2005/06, nchi nzima ilionja mgawo wa umeme.

Rungwa ina msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili. Sehemu kubwa ya Singida hupata kati ya milimita 600 na 800 kwa mwaka, na mvua nyingi hurudi angani kama mvuke, kutoka ardhini na kupitia majani ya miti, kabla haijafika mtoni. Kila joto linapopanda nyuzi 1, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Matokeo yake ni mawili yanayoonekana kupingana: ardhi hukauka haraka zaidi, na mvua inapokuja huja kwa kishindo.

Hapo ndipo hesabu ya mto inapoharibika. Ardhi iliyokauka hunywa kwanza; mto hupewa kinachobaki. Mvua ikipungua kidogo, mto hupungua kwa kiasi kikubwa zaidi, na mkondo uliozoea kutiririka kwa miezi hubaki na mafuriko ya siku chache, kisha mchanga mtupu ambamo watu na wanyama huchimba kutafuta maji.

Hata hivyo, mvua kubwa si hasara tupu. Katika mkoa jirani wa Dodoma, vipimo vya visima vya Makutapora, vilivyoanza 1955, vilionyesha kwamba maji ya chini ya ardhi hujazwa hasa na misimu michache ya mvua nyingi mno, kama ile ya El Nino ya 1997/98. Mto unaweza kukosa maji wakati kisima kimeneemeka.

Tena si haki kulitwisha joto mzigo wote. Ruaha Mkuu, ulio kusini mwa Rungwa, ulianza kukauka wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi mwaka 1993, na lawama kubwa iliangukia uchepushaji wa maji kwa ajili ya mashamba ya mpunga ya Usangu. Vivyo hivyo, ukataji wa miti ya miombo na malisho yaliyopita kiasi huiacha ardhi wazi, maji yakapita juu yake badala ya kuzama.

Athari ya joto lenyewe itaonekana wazi zaidi magharibi. Maji ya Ziwa Rukwa huondoka zaidi kwa kugeuka mvuke, na kwa kuwa ziwa hilo ni la kina kifupi, kushuka kidogo kwa maji huusogeza ufuko mbali na mitumbwi ya wavuvi.