Afrika Kusini: Kura za mitaa zinasema nini kuhusu uchaguzi mkuu?

Nchini Afrika Kusini, kura za serikali za mitaa hupigwa kati ya uchaguzi mkuu mmoja na mwingine. Ndiyo maana vyama huzitumia kupima upepo. Lakini je, kipimo hicho kinaaminika?

Tazama kura za chama cha ANC:

• 2016 (mitaa): karibu asilimia 54, kikapoteza Johannesburg na Tshwane
• 2019 (taifa): asilimia 57.5
• 2021 (mitaa): karibu asilimia 46
• 2024 (taifa): asilimia 40.2, viti 159 kati ya 400

Kwa hiyo, baada ya pigo la 2016 ANC ilipanda kidogo. Baada ya lile la 2021 ikazidi kuporomoka, ikabidi iunde serikali pamoja na DA na vyama vingine.

Kwa nini tofauti hiyo? Mwaka 2021, chini ya nusu ya walioandikishwa ndio waliopiga kura. Aliyebaki nyumbani si lazima awe amehama chama. Anaweza kurudi, au akatafuta pa kwenda. Desemba 2023 kikazaliwa chama cha MK, kikiwa na Jacob Zuma mbele, na miezi mitano baadaye kikazoa asilimia 14.6. Kura za 2021 zisingeweza kukiona.

Uchaguzi mkuu ujao ni 2029. Kura za mitaa zikitangulia, usiishie kuangalia mshindi. Angalia pia wangapi walijitokeza, miji mikubwa imeegemea wapi, na nani mgeni ulingoni.