Jumba Lililojengwa kwa Peni

Watu wengi wakisikia habari za mji wa makaa ya mawe hufikiria shimo, moshi na vumbi jeusi. Mimi hufikiria kwanza maktaba. Nimetumia umri wangu katika shule na katika chuo cha ualimu, na katika yote niliyosoma juu ya elimu ya watu wazima, hakuna yaliyonigusa kama habari za wachimbaji wa kusini mwa Wales, huko Uingereza.

Mwaka 1913 migodi ya huko ilitoa tani zipatazo milioni 57 za makaa. Mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, mlipuko katika mgodi wa Senghenydd uliua wachimbaji 439 kwa siku moja. Hayo ndiyo yaliyokuwa maisha yao. Mvulana aliacha shule akiwa na miaka kumi na mitatu hivi, akashuka chini ya ardhi pamoja na baba yake. Elimu ambayo shule haikummalizia ilimbidi aitafute mwenyewe, jioni, baada ya kunawa vumbi. Ndipo wachimbaji walipoanza kujenga majumba yao: chini maktaba na chumba cha kusomea magazeti, juu ukumbi wa mikutano, muziki na dansi.

Katika mji wa Treorchy, bonde la Rhondda, wachimbaji wa migodi miwili, Parc na Dare, walikatwa peni moja kwa kila pauni ya mshahara. Pauni ya siku hizo ilikuwa na peni 240, kwa hiyo mchango ulikuwa mdogo, lakini ulitoka kwa kila mtu. Kwa peni hizo walijenga jumba katika miaka ya 1890, na mwaka 1913 likaongezwa ukumbi mkubwa wa maonyesho. Katika bonde jingine, la Sirhowy, kijiji cha Oakdale kilipata jumba lake mwaka 1917. Kampuni ya mgodi ilitoa mkopo wa pauni 10,000, na wachimbaji wakaulipa.

Je, vitabu hivyo vilizaa nini? Katika bonde hilo hilo la Sirhowy, mjini Tredegar, kijana mmoja aliyezaliwa mwaka 1897 na kuingia mgodini angali mtoto alijisomesha katika maktaba ya wachimbaji. Jina lake Aneurin Bevan. Mwaka 1948, akiwa Waziri wa Afya, alianzisha huduma ya matibabu ya bure kwa Waingereza wote. Mfano aliouona nyumbani ulikuwa chama cha wafanyakazi wa Tredegar, ambacho kwa michango ya wanachama kilikuwa kikiwalipia daktari na hospitali.

Lakini mambo yalibadilika. Serikali ilipochukua jukumu la afya na maktaba, na televisheni ilipoingia majumbani, haja ya jumba ilipungua. Migodi nayo ilifungwa mmoja baada ya mwingine, hata zaidi baada ya mgomo mkuu wa 1984 na 1985. Mgodi ukifungwa, makato ya mshahara hukoma, na paa linalovuja halina wa kulitengeneza. Maktaba nyingi zilitawanywa, na vitabu vikauzwa kwa bei ya kutupa. Mwaka 1973 Chuo Kikuu cha Swansea kilianzisha Maktaba ya Wachimbaji ili kukusanya yaliyosalia.

Majumba mawili niliyoyataja yalipata bahati tofauti. Lile la Oakdale lilifungwa mwaka 1987. Miaka miwili baadaye, mwaka ule ule mgodi wake ulipofungwa, lilibomolewa kwa uangalifu, likapelekwa St Fagans karibu na Cardiff, kwenye jumba la makumbusho la nyumba za kale za Wales. Huko lilijengwa upya, likafunguliwa mwaka 1995. Leo wageni huingia bila kiingilio na kutazama vyumba walimosoma wachimbaji. Lile la Treorchy halikuhama. Linamilikiwa na halmashauri, na watu wa bonde lile bado wanakwenda kutazama michezo, sinema na muziki.

Lipi limehifadhiwa vizuri zaidi? Simlaumu aliyelihamisha la Oakdale. Bila yeye huenda leo lisingekuwapo kabisa. Mtoto wa shule anayelizuru anajifunza jambo ambalo kitabu peke yake hakimfundishi. Hata hivyo, kijiji kilichobaki nyuma kilipoteza mgodi na jumba katika muda mfupi mno, na mzee wa Oakdale akitaka kuiona nyumba aliyoichangia babu yake, hana budi kusafiri. Treorchy, kinyume chake, haina tena chumba cha magazeti kama cha zamani, lakini jioni taa zinawaka na watu wanakutana pale pale.

Nimeona katika shule zetu kwamba darasa lililojengwa kwa tofali za wanakijiji hulindwa na wanakijiji. Wanalilinda kwa sababu wanajua jasho lililoingia humo ni la nani. Kwa hiyo, jengo la zamani likitafutiwa kazi mpya, swali la kwanza nisingeliuliza juu ya kuta wala rangi. Ningeuliza kama watu ambao wazee wao walilichangia bado wanaingia humo kwa shughuli zao wenyewe, na kama wana sauti katika mipango yake. Wakiwa nayo, jengo hilo linaweza kubadili kazi hata mara kumi bila kuacha kuwa lao. Wasipokuwa nayo, hata likitunzwa vipi litakuwa kumbukumbu tu ya umoja uliokwisha. Kumbukumbu ni jambo jema, lakini wale waliotoa peni zao walikusudia zaidi ya hapo.