Historia ya Pilipili Yetu ya Kusaga

Watoto wetu wanadhani pilipili ya kusaga ilianzia dukani. Hapana. Mama zetu hapa Ngara waliisaga kwenye jiwe, ingawa pilipili yenyewe asili yake ni Amerika, Wareno ndio walioisambaza.

Mwishoni mwa Aprili 1994 watu zaidi ya 150,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa siku moja, wakapiga kambi Benaco. Kuni zetu ziliisha, hilo sisahau. Ila soko la kambini ndipo nilipoijua urusenda, pilipili ya wenzetu. Mama aliyeniuzia alinionyesha: saga pilipili mbivu, vitunguu saumu na chumvi, kisha kaanga kwa mafuta mpaka majimaji yakauke. Maji usitie hata tone. Desemba 1996 walirudishwa kwao, sikumwona tena.

Kikundi kilipoanza kusaga ya kuuza, tulitia maji ili chupa zijae upesi. Zikaota ukungu, tukamwaga zote, na hela ilikuwa ya hisa zetu. Mimi nilijua, nikanyamaza kwa kuwa wengi walitaka hivyo. Siku hizi anayesaga ni mimi. Mikono inawaka mpaka usiku, jamani!